Ng'ombe wa Mahari Hana Karantini

Ninyi vijana mnaosoma haya, wekeni simu chini kwanza. Nawasikia mnavyolichezea neno karantini. Mmoja kanuniwa na mkewe, anasema yuko karantini. Mwingine kafungiwa geti na baba yake, karantini. Juzi binti mmoja hapa kibarazani kwangu alikuwa anacheka kwamba mchumba wake kamtia karantini, haendi sokoni Katoro mpaka aombe ruhusa. Wenzake wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, wakaniona bibi mkali. Sawa, ni mkali. Sasa sikilizeni.

Neno lenyewe ni la Kizungu. Hilo nalijua, ingawa shule niliishia darasa la tatu. Yako maneno mengine ya Kizungu ya kumfungia mtu, na huku kwenye machimbo hata watoto wadogo wanayajua. Lokapu anawekwa aliyekosa, au anayedhaniwa amekosa. Rumande mtu anangoja kesi, na kesi ina siku yake. Karantini haifanani na hayo. Karantini anafungiwa hata asiye na kosa lolote, na kutoka kwake hakuombewi kwa wakili wala kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa sababu aliyeshika ufunguo si binadamu.

Maana hiyo sikuzaliwa nayo. Mimi nilizaliwa upande wa Kolandoto, na neno hili nililisikia mara ya kwanza nikiwa msichana, kwenye josho la ng'ombe. Bwana mifugo alisimama juu ya ukuta wa josho na kaptura yake ya kaki, akasema ng'ombe wote wa huku wako karantini. Baba alirudi nyumbani akamwambia mama, "Mnada umefungwa." Mnada ukifungwa hakuna mafuta ya kupikia, hakuna kanga mpya, hakuna sare ya shule. Tukakaa tukingoja karantini ipite kama watu waliojibanza chini ya paa wanangoja mvua. Ilipopita, baba akaswaga ng'ombe mnadani na maisha yakaendelea. Nyumbani kwetu hakuna aliyeuliza ni kitu gani kilikuwa kinafungiwa.

Kwa hiyo tulikua tukijua karantini ni jambo la mnada. Ni ugomvi wa serikali na wachuuzi wa ng'ombe. Nilipoolewa huku Geita nikakuta nao wanajua hivyo hivyo. Hata wakati wa ile korona, tulipoambiwa kuna karantini ya watu, mzee mmoja wa jirani aliuliza kanisani kwa sauti, "Kumbe na watu sasa wanapelekwa mnadani?" Tulicheka mpaka mchungaji akacheka.

Baada ya hapo ndipo mjukuu wangu alipochumbiwa.

Huyu mjukuu ni binti wa mwanangu mkubwa. Mama yake alifariki akiwa mdogo, nikamlea mimi. Kijana aliyemtaka alikuwa mchimbaji, anashuka kwenye duara, yale mashimo marefu ya dhahabu, lakini baba yake ni mfugaji, mtu wa ng'ombe wengi, kijiji cha mbali ng'ambo ya Katoro. Walikubaliana mahari ya ng'ombe. Mwanangu alikataa pesa. Alisema pesa ya dhahabu inapita mkononi kama maji, ng'ombe anakaa zizini kila mtu anamwona.

Kabla ya siku ya kuleta ng'ombe, gari la matangazo likapita. Kijiji cha wale wakwe na vijiji jirani, karantini. Ng'ombe asitoke, asiingie, asichinjwe. Tulilisikia wote, tukiwa shambani.

Mshenga wao akaja. Alikuwa mtu wa shati jeupe na kofia ya pama, na kicheko cha kusikika kisimani. Alinisalimu vizuri kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," nikaitika, akaenda kukaa na mwanangu kivulini. Mimi nilikuwa napepeta mtama karibu nao, nikawa nasikia.

"Tumesikia kwenu kuna karantini," mwanangu alisema.

"Ipo. Ya mnada. Kwani sisi tunakwenda mnadani? Sisi tunaoa!"

"Na barabarani kuna kizuizi."

"Ng'ombe anahitaji lami? Tutapita porini. Ng'ombe wana miguu, bwana, hawana matairi."

Nikaweka ungo chini. "Na huo ugonjwa," nikasema, "mmeuambia kwamba ninyi mnaoa?"

Mshenga akacheka akajipiga paja. "Jamani, bibi huyu! Bibi, nikwambie. Ng'ombe wa mahari hana karantini. Ng'ombe wa kuuza ni bidhaa. Wa mahari ameshakuwa mtu wa ukoo, anakwenda kwa ndugu zake."

"Ndugu zake wakiugua?"

"Mama," mwanangu akasema bila kunitazama, "tuachie jambo hili."

Nikawaachia. Mambo ya ng'ombe na wakwe ni ya wanaume, ndivyo tulivyolelewa, na mwanangu ndiye baba wa binti.

Ng'ombe walifika alfajiri, wamejaa vumbi na mbegu za porini mkiani. Wanawake walipiga vigelegele. Mjukuu wangu alichungulia dirishani, ana haya na furaha pamoja. Mimi nilisimama mlangoni mwa zizi nikawatazama wakipita mmoja mmoja, kwa maana nimekulia kwenye ng'ombe na hakuna ninachokipenda zaidi kukitazama. Wa mwisho alikuwa mtamba mweupe mwenye sikio jeusi, mzuri kuliko wote. Aliingia akasimama amepanua miguu, anahema. Wenzake waliinama kwenye pumba, yeye hakuinama.

"Amechoka na safari," mwanangu akasema.

Ng'ombe aliyechoka analala, na huyu hakutaka kulala.

Asubuhi moja baada ya hapo nilisikia kimya. Ng'ombe wana kelele yao ya asubuhi, mtu aliyezoea haisikii, anasikia ikikosekana. Nilipotoka niliwakuta wamejikusanya upande mmoja wa zizi. Upande wa pili mtamba mweupe amelala ubavu, tumbo limejaa kama ngoma, miguu imeinuka juu. Damu nyeusi ilikuwa inamtoka puani. Ilikuwa haigandi. Ilikuwa inatiririka tu polepole, na nzi wameshafika.

Hapa inabidi niwaeleze ninyi mliokulia mjini. Kwetu, ng'ombe akiwa zizini mwako na bado hajawa wako kabisa, akifa, unamwonyesha mwenyewe ngozi. Ngozi ndiyo shahidi wako kwamba amekufa, hukumuuza, hukumficha. Ng'ombe wa mahari kabla ya harusi ni wa namna hiyo. Amekula majani yako lakini macho ya wakwe bado yako juu yake. Asiyeonyesha ngozi ni mwizi, na binti yake ataitwa binti wa mwizi maisha yake yote huko alikoolewa.

Kwa hiyo mwanangu alikuja na kisu.

Majirani nao walikuja na mabeseni. Ndivyo ilivyo, ng'ombe hafi watu wakalala njaa. Na kabla jua halijapanda akatokea muuza nyama wa kambi ya wachimbaji, kapanda bodaboda. Sijui nani alimpigia simu. Watu hawa wananusa.

"Shikamoo bibi. Mnauza yote au mnabakiza?"

"Hatuuzi. Huyu kafa mwenyewe, na kafa vibaya."

"Nyama ni nyama, bibi. Mchimbaji akitoka shimoni anakula hata msumari ukikaangwa vizuri."

"Basi nenda kawakaangie misumari."

Watu wakacheka, lakini mabeseni hayakuondoka. Nikamwambia mjukuu wangu ampigie simu bwana mifugo, aweke sauti kubwa. Sote tulimsikia, zizi zima. Alisema, "Msimguse! Msimpasue, msimchune. Mfunikeni kwa miiba mbwa wasimfikie. Hicho ni kimeta. Kinaua ng'ombe, kinaua na watu. Hapo kwenu sasa ni karantini. Nakuja."

Nilimgeukia jirani wa kwanza nikamnyang'anya beseni, nikalitupa nje ya ua. Wengine walichukua yao wenyewe. Muuza nyama akawasha pikipiki akaondoka. Nyama haikuliwa, na kwa hilo namshukuru Mungu mpaka leo.

Lakini mwanangu alibaki ameinama pale pale.

"Umesikia alivyosema," nikamwambia.

"Nimesikia. Nyama siili, tumbo silipasui. Nachuna ngozi tu."

"Amesema asichunwe."

"Yeye ana mkwe gani, mama? Mimi ndiye mwenye mkwe."

Nikamshika mkono. Akautoa mkono wangu taratibu, kwa heshima, kama mtu anavyomwondoa kuku mkekani, akaanza mguu wa nyuma. Nilitazama kile kisu kinavyokwenda. Mkononi alikuwa na mikwaruzo ya miiba ya ua, alikuwa ameziba ua jana yake. Damu nyeusi ilimfika mpaka kwenye kiwiko.

Bwana mifugo alifika mchana. Alipoiona ngozi imetandikwa kwenye ua, alisimama na pikipiki inaunguruma, hakuizima mara moja. Halafu hakugomba. Ningependa angegomba. Aliwaambia vijana wachimbe shimo, la kwenda chini kweli kweli, na huku hatukosi vijana wa kuchimba. Mtamba akaburutwa kwa kamba, ngozi yake juu yake, chokaa juu ya ngozi, hata udongo wenye damu ukafagiliwa humo humo. Juu wakarundika miiba.

"Nani alimshika?" akauliza.

Mwanangu akasema, "Tuliburuta wote kwa kamba."

Yule bwana alimtazama kidogo. "Basi sikilizeni wote. Ukitoka upele, hospitali siku ile ile. Ukiuma, afadhali. Usipouma, kimbieni."

Aliwachoma sindano ng'ombe waliobaki, akasema wasitoke zizini. Nikamfuata kwenye pikipiki. "Na shimo je?"

"Shimo nalo karantini, bibi."

"Mpaka lini?"

Alijipangusa mikono kwa majani. "Ng'ombe nitawafungulia. Udongo sitaweza kuufungulia mimi. Kitu hiki kinakaa ardhini. Mimi na wewe tutaondoka, chenyewe kitabaki."

Hapo ndipo neno lilianza kunifika. Nililielewa vizuri zaidi siku zilizofuata. Watu waliacha kupita njia ya kwetu. Wanawake niliokuwa nateka nao maji walinisalimu kutoka mbali, ndoo kichwani, bila kusimama. Hatukuwa tumefungwa na kamba wala askari. Nilikuwa naweza kwenda popote, na hapakuwa na pa kwenda.

Na mwanangu akaanza kuvaa shati la mikono mirefu, jua linawaka.

Asubuhi moja nilimpa uji akaupokea kwa mkono wa kushoto. Mwanangu huyu nilimfundisha mimi kupokea chakula kwa mkono wa kulia, tena kwa fimbo.

"Mkono una nini?"

"Mwiba ulinichoma."

"Unauma?"

"Hauumi, mama." Akatabasamu kunituliza. "Hauumi hata kidogo."

Nikakaa kwenye kinu. "Nenda hospitali. Sasa hivi. Uji utaukuta."

"Wakwe wanakuja kesho. Wameshasikia ng'ombe kafa. Nikiondoka leo watasema nimekimbia ngozi."

"Utakufa na ngozi yao."

"Kesho wakiondoka, naenda."

Nilimsihi, nikamtukana, nikamwita mdogo wake amkamate. Mtu mzima hakamatwi. Alijifungia chumbani mwake akakaa humo mpaka jioni, na mimi nikakaa nje ya mlango namsikiliza anavyohema. Nilikuwa nimesikia kuhema kule kabla, mlangoni mwa zizi.

Wakwe walikuja jua likiwa limepanda, baba wa kijana, kijana mwenyewe na mshenga wao, kwa pikipiki mbili. Walikaa kivulini na mwanangu na mdogo wake. Mshenga hakucheka siku ile. Mimi nilikuwa jikoni, mlango wazi.

"Tumesikia msiba wa ng'ombe," mkwe akaanza. "Tumekuja kuiona ngozi."

Mwanangu akaeleza. Bwana mifugo, shimo, chokaa. Sauti yake ilikuwa inakatika katikati ya maneno.

"Kwa hiyo ng'ombe hayupo, nyama haipo, ngozi haipo," mkwe akasema. "Alikuwa ng'ombe au moshi?"

"Tunaweza kuwaonyesha shimo."

"Shimo! Geita nzima ni mashimo, mkwe. Nikionyeshwa shimo nitajuaje lina nini?"

Mshenga akaitazama kofia yake. "Wengine tumesikia kuna bodaboda ilitoka kambini siku ile. Labda mtamba alipanda bodaboda akaenda kutembea."

Jasho lilikuwa linamdondoka mwanangu kidevuni kama mtu aliyenyeshewa. Nikaona anataka kusema na mdomo haufunguki, na nikaona kwamba yuko radhi afe pale kitini kuliko kuinuka na kuitwa mwizi.

Nilichukua kisu cha mboga nikatoka. Wanawake hatuendi pale wanaume wanapokaa na wakwe. Nilikwenda. Sikusalimu. Nilishika mkono wa shati la mwanangu nikaona haupandi, nyama ilikuwa imeujaza, basi nikauchana kwa kisu kutoka kiganjani mpaka begani.

Mkono ulikuwa umevimba umekuwa mnene kama paja. Katikati kilikuwepo kidonda cheusi, cheusi kama kipande cha mkaa kilichobandikwa, na malengelenge yamekizunguka.

"Mmeitaka ngozi," nikasema. "Hii hapa. Itazameni vizuri, mseme kama si ya ng'ombe wenu."

Kijana mchumba ndiye alikuwa wa kwanza kusimama. Baba yake alivua kofia, akatazama ule mkono muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nyumbani wamekufa wengine."

"Lini?" mwanangu akauliza.

"Kabla. Tuliwatoa hawa ili wasife nao."

"Mlijua?"

"Tulijua karantini, mkwe. Tulidhani tukishawatoa mle ndani, tumeikwepa."

Nikamwambia, "Hamkuikwepa. Mmeileta inatembea kwa miguu yake." Kisha nikamgeukia kijana. "Pikipiki yako ina mafuta?"

"Ina, bibi."

"Mpandishe."

Walimweka katikati. Kijana akaendesha, na mshenga, yule yule wa maneno ya bodaboda, akakaa nyuma kumshikilia asianguke. Kofia yake nyeupe ya pama ilibaki chini, hapana aliyeiokota. Sikulia. Nilichoma lile shati.

Mwanangu alipona. Daktari aliniambia angechelewa kidogo tu tungepokea mwili. Alikaa sana hospitali, akarudi na kovu lililozama, unaweza kuweka yai la kuku ndani yake, na vidole viwili havikunji mpaka leo. Mjukuu wangu aliolewa, ana mtoto. Suala la ngozi halikutajwa tena na upande wowote.

Karantini ya ng'ombe nayo ikafunguliwa. Gari la matangazo likapita, mnada ukarudi, watu wakashangilia kwamba karantini imeisha. Walishangilia vile vile kama zamani kwenye josho. Mimi nilikuwa natazama lile rundo la miiba.

Lipo mpaka leo nyuma ya zizi. Mvua ikinyesha napita kuangalia kama udongo umetitia. Majani yanayoota pale ni mabichi kuliko ya mahali pengine popote uani, hata kiangazi, na mbuzi huyanyooshea shingo. Mjukuu mdogo amekuzwa kwa kupigwa kiboko kila akikaribia. Anadhani namchukia.

Sasa kuna jambo jipya, na ndilo limenifanya niandike. Mwezi uliopita walikuja wachimbaji na mashine ya kupimia ardhi. Walianzia shamba la jirani, wakaifuata alama yao mguu kwa mguu, wakavuka ua wangu, na mashine ikalia juu ya miiba. Wanasema mwamba wa dhahabu unapita pale pale chini. Wameahidi mambo makubwa. Wajukuu wameanza kunong'ona kwamba karantini iliisha zamani, redio ilitangaza, bibi amezeeka. Na juzi jioni nimemwona mwanangu mkubwa, mwenye mkono ule, amesimama pale peke yake, anapima kwa macho kutoka miiba mpaka zizi.

Asubuhi yake niliwaita wote uani kabla ya uji, wakubwa na wadogo, nikawaambia hivi:

"Pale hapachimbwi. Si kwa sululu, si kwa jembe, si hata kuchomeka kijiti cha kumfungia mbuzi. Akija mtu na mashine akasema kuna dhahabu, mwambieni ipo, na ina mwenyewe, aende zake. Mimi nikifa msinizike upande ule. Miiba ikioza, wekeni mingine. Na wewe mwenye huo mkono, chukua panga. Wewe ndiye utakayeikata, kuanzia leo."